Hamilton Naki na moyo wa kwanza: alikuwemo au hakuwemo?

Mtoa mada:
Wakuu, ile habari bado inazunguka kwenye magrupu, kwamba moyo wa kwanza wa mtu kupandikizwa, Cape Town, 3 Desemba 1967, ulitolewa na mtunza bustani mweusi, Hamilton Naki, halafu daktari wa upasuaji wa Kizungu, Christiaan Barnard, akabeba sifa. Naomba tuiache. Alipofariki Naki mwaka 2005 magazeti makubwa ya Ulaya na Marekani yaliichapa hivyohivyo, baadaye yakajisahihisha. Usiku ule hakuwemo.

Mbishi:
Unaamini kumbukumbu za nani? Za makaburu! Unadhani wangeandika kwamba mtu mweusi kamshikia kisu binti wa Kizungu aliyetolewa moyo ule?

Mtoa mada:
Ndugu, hoja yako ndiyo inayonipa nguvu. Kwa sheria zile za ubaguzi angeingiaje chumba cha upasuaji? Kazi yake ilikuwa upande wa wanyama. Mwaka 1954 Profesa Robert Goetz alimtoa bustanini pale Chuo Kikuu cha Cape Town amsaidie kumshika twiga aliyelazwa kwa dawa ya usingizi. Hakurudi kwenye majani. Alijifunza kushona mishipa ya damu, akapandikiza maini ya nguruwe, akawafundisha madaktari waliotoka vyuoni na vyeti vyao. Huyo aliacha shule na miaka 14! Barnard mwenyewe alikiri kwamba kwa ufundi wa mikono Naki alimzidi. Sasa mkimpachika pasipo pake, siku uongo ukiumbuka watu watatupa na ya nguruwe.

Mama Subira:
Mnagombania usiku mmoja tu, na Louis Washkansky mwenyewe, aliyewekewa moyo ule, aliishi siku 18, nimonia ikamchukua. Mimi nauliza habari ya 2 Januari 1968. Daktari wa meno wa Kizungu, Philip Blaiberg, aliwekewa moyo wa Clive Haupt, kijana ambaye serikali ilimwandika chotara. Ukamtunza zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Mwenye moyo akiwa hai asingeruhusiwa kuketi benchi moja na Blaiberg. Haupt mbona hamumtaji?

Mbishi:
Mama, umenikata maneno. Haya, ya nguruwe nayakubali. Lakini chuo kilimpa Naki shahada ya heshima mwaka 2003, mzee wa zaidi ya miaka 75. Miaka yote ya maabara walikuwa hawaioni hiyo mikono? Hilo mtoa mada hajalijibu.