Msaada: bagi ya nitro inapanda resi yenyewe kisha inazima, sindano nizungushe upande gani?

Kijana wa Tabata
Wakuu habari za jioni. Nimekwama, na mafundi pikipiki wa hapa mtaani wameishia kushangaa tu. Nina bagi ya rimoti ya nitro, yaani kigari cha mchezo chenye injini ya mafuta, saizi ya 1/8 ya gari halisi, injini ya .21, yaani cc 3.5. Asubuhi nikivuta kamba inawaka vizuri. Nikiipeleka uwanjani inatembea kidogo, halafu moshi unakatika, resi inapanda yenyewe hata nikiachia rimoti, inapiga kelele kali na ghafla inazima. Ikipoa inawaka tena. Plagi zinakata waya moja baada ya nyingine. Nimezungusha skrubu zote tatu za kabureta mpaka sijui zilianzia wapi.
Swali langu ni moja tu: sindano, yaani skrubu ya kupimia mafuta kwenye kabureta, nizungushe upande gani? Nataka hadi mwisho wa mwezi iwe inatembea kama zamani.
Mods naomba msihamishie jukwaa la magari.

NgojaWaje
Siti ya mbele nimeshaikalia. Wajuzi wako njiani.

Dereva Mstaafu
Mwanangu, resi ikipanda yenyewe ni kebo ya mafuta imeng'ang'ania. Mimi nimeendesha malori barabara ya Tunduma miaka mingi. Siku moja nateremka Kitonga na shehena ya mbolea, naachia pedali, gari halishuki resi. Utingo wangu akaanza kusali kwa sauti. Nilizima injini nikashuka na gia na breki, kufika Mahenge nikakuta kebo imeliwa na kutu, imeshika kwenye ganda lake. Angalia kebo, paka grisi.

Kijana wa Tabata
Shikamoo mzee. Hii haina kebo, kuna kimota kidogo kinavuta kabureta kwa kijiti. Kijiti nimeangalia, kinarudi vizuri.

Fundi wa Moshi
Marahaba ya mzee naiacha kwake, mimi nijibu la gari. Dalili zako zinasema injini inapata hewa nyingi na mafuta kidogo. Moshi kukatika, resi kugoma kushuka na plagi kukata waya ni ugonjwa mmoja. Ila kabla ya kukuambia upande wa sindano, nijibu mawili. Unatumia mafuta gani, nitro asilimia ngapi na oili asilimia ngapi? Na gari lilitoka wapi kabla ya kufika kwako?

Kijana wa Tabata
Asante mkuu. Mafuta ni ya kawaida tu. Naomba tujikite kwenye sindano, nadhani tatizo liko hapo.

Otis wa Umoja
Boss, kawaida gani? Hakuna mafuta ya kawaida kwa hizi. Ni methanoli, nitromethani na oili. Huku Nairobi tukikosa ya 25% tunatumia ya 16%, na kila ukibadilisha unaseti upya. Sema kitu iko kwa tenki.

Kijana wa Tabata
Nimesema ya kawaida. Petroli na oili ya 2T, kama ya msumeno wa mbao. Injini si ni ya mipigo miwili? Sioni kwa nini tunazunguka hapa wakati swali ni la sindano.

Binti Mwambao
Mie mambo ya injini siyajui, ila nyumbani kwangu nimekataza kabisa vitu vya kulipuka kuchezewa. Mtu mzima na rimoti, watoto wanaangalia, petroli kwenye chupa ya maji. Siku mtoto akinywa mtamlilia nani? Kaka, uza hicho kitu ununue cherehani.

Mjerumani Mweusi
Niko Ujerumani, hobi hii nimeifanya miaka. Ushauri wangu: achana na nitro, hamia umeme. Mota isiyo na brashi, betri ya lipo, unachaji unatembea, hakuna sindano wala plagi. Huku Ulaya tangu Februari 2021 mtu wa kawaida asiye na kibali haruhusiwi kununua mafuta yenye nitromethani zaidi ya 16%, kwa sababu imo kwenye orodha ya vitu vinavyoweza kutengenezea vilipuzi. Wengi niliokuwa nao walihamia betri. Mimi yangu nimeifunga mota, inakimbia kuliko nilipokuwa na injini.

Otis wa Umoja
Mjerumani, jamaa ameuliza sindano wewe unamuuzia betri.

Mjumbe wa Nyumba Kumi
Wakuu mnapewa chai, na chai yenyewe ina tangawizi. Injini hizi hazina cheche. Plagi yake ina waya wa platinamu, unaupasha kwa betri ya volti moja na nusu hivi wakati wa kuwasha tu, halafu mvuke wa methanoli unakutana na platinamu na waya unaendelea kuwa mwekundu wenyewe. Petroli haifanyi hivyo. Ukiweka petroli itakohoa wakati kiwashio kimechomekwa, ukikichomoa imekufa. Sasa huyu anatuambia inawaka vizuri asubuhi na inatembea uwanjani. Na kuna kingine. Mwezi uliopita alifungua uzi wa kuomba ushauri wa kodi ya chumba, kwamba mwenye nyumba anataka miezi sita na yeye hana. Leo ana bagi ya 1/8 ya mamilioni? Picha iko wapi?

NgojaWaje
Duh. Mjumbe amekuja na daftari la wakazi.

Mpiga Mbizi
Hata mimi nilihisi. Hizi nyuzi za "nina haraka mwisho wa mwezi" huwa zinaishia kuomba namba ya kutumiwa hela.

Dereva Mstaafu
Nami nimeeleza habari za Kitonga bure!

Kijana wa Tabata
Sijaomba hela ya mtu. Picha nimeweka hapo, angalieni tarehe ya leo kwenye gazeti pembeni ya gari.
Sawa, nieleze. Gari si langu. Ni la shemeji, mume wa dada, anafanya kazi Nairobi. Alipokuja likizo alikuja nalo, akaniachia na galoni yenye mafuta kidogo ya 25%. Akasema niwe naliwasha mara moja moja beringi zisishike kutu, nisiliendeshe kwa fujo. Mafuta yakaisha. Petroli nilijaribu kweli ikagoma kama Mjumbe alivyosema. Ndipo nikapata methanoli kwa muuza kemikali, nikachanganya na nyonyo ya dukani. Ikawaka, ikatembea, na ndiyo ninayoitumia. Nilisema petroli kwa sababu aliyeniuzia methanoli hakutaka itangazwe, na humu kuna watu wanamjua shemeji. Anarudi mwisho wa mwezi.

Mjumbe wa Nyumba Kumi
Picha nimeiona. Hapo sasa tunaelewana, chai naifuta. Ila kazi unayo.

Fundi wa Moshi
Sasa tunaongea. Kijana, usiiwashe tena mpaka usome hapa mpaka mwisho. Nyonyo umeweka kiasi gani kwa lita?

Kijana wa Tabata
Vifuniko viwili vya chupa. Nilisoma nyonyo inaacha masizi kwenye pistoni, nikaona nisizidishe.

Fundi wa Moshi
Vifuniko viwili kwa lita ni kuiua injini taratibu. Injini hii haina sampu ya oili. Oili pekee inayofika kwenye pistoni, beringi za krenki na fimbo ni ile iliyomo ndani ya mafuta, na methanoli yenyewe hailainishi kitu. Marubani wa ndege za rimoti tangu zamani, wanaotumia mafuta yasiyo na nitro, wanachanganya methanoli sehemu 80 na nyonyo sehemu 20. Masizi ya nyonyo yanasafishika, slivu (ganda ambamo pistoni inatembea) iliyochubuka haisafishiki.
Nyonyo ya dukani nayo, hasa ya nywele, mara nyingi imechanganywa na mafuta mengine na manukato. Nyonyo halisi inayeyuka kwenye methanoli, mafuta ya madini hayayeyuki. Chukua chupa safi ya kioo, changanya, acha usiku mzima. Ukikuta tabaka mbili, mwaga mbali na mfereji na watoto.
Halafu Nairobi. Mji ule uko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa yake nyepesi. Shemeji aliseti sindano kwa hewa ile. Umeshuka Dar, usawa wa bahari, hewa imejaa zaidi kwa mpigo uleule, mafuta hayakuongezeka. Peke yake hilo linatosha kuichemsha. Mimi nikiteremka Tanga na ndege yangu ya rimoti kitu cha kwanza ni kufungua sindano.
La mwisho, resi kugoma kushuka hata kijiti kikirudi ni dalili kubwa ya hewa kuvuja. Toa injini, zungusha gurudumu lake mpaka tundu la krenki chini ya kabureta liwe wazi, ziba ekzosi, puliza kwa mrija kwenye kabureta huku umepaka povu la sabuni chini ya kabureta na kwenye kifuniko cha nyuma. Povu likichemka umempata mwizi. Ukimaliza kausha, tia matone ya oili, izungushe kwa mkono.

Kijana wa Tabata
Nashukuru sana. Ila mkuu, injini mpya nimeshaagiza kwa wakala Kariakoo, nusu ya hela nimelipa. Na methanoli nilichukua dumu la lita 20 kwa sababu bei ya jumla ilikuwa nzuri. Nadhani injini mpya itaondoa matatizo yote haya kwa pamoja, na shemeji hatajua.

Otis wa Umoja
Injini mpya na mafuta hayo hayo? Itakufa haraka kuliko ya kwanza, mpya inataka oili zaidi wakati wa kuizoesha. Na lazima uipashe moto kabla ya kuvuta kamba, pistoni inabana juu kabisa ya slivu ikiwa baridi. Huyo jamaa ataona engine tofauti in two minutes, mwenye gari anajua gari yake. Kansel hiyo order.

Kijana wa Tabata
Wakala harudishi advansi. Na nimeshamwambia dada kwamba gari liko sawa.

Binti Mwambao
Mie ndiyo nilisema. Methanoli hiyo hiyo ndiyo iliyotiwa kwenye pombe ya magendo kule Kenya mwaka 2014, watu makumi walikufa na wengine wakapofuka. Wewe una lita 20 chumbani! Weka nje kwenye kivuli, funga vizuri, andika sumu kwa herufi kubwa. Na shemeji mpigie leo. Shemeji ni ndugu, atakasirika siku mbili atasahau.

Mjumbe wa Nyumba Kumi
Shemeji wa kuachiwa gari la mamilioni hasahau siku mbili.

Fundi wa Moshi
Dada hapo kwenye sumu hajakosea. Vaa glavu, methanoli inapenya ngozi, na mwali wake mchana hauonekani vizuri. Dumu likikaa wazi linavuta unyevu wa hewa, na Dar unyevu upo wa kutosha.
Kuhusu injini: kabla ya kulipa nusu ya pili, ipime iliyopo. Ikiwa baridi, plagi ikiwa ndani, zungusha gurudumu kwa kidole. Ikifika juu ikabana na kugoma, bado inaishi. Ikipita laini bila kubana, imechoka. Nenda ukapime, usitupe jibu la kukisia.

Kijana wa Tabata
Nimepima. Inabana, si sana lakini inabana. Povu limechemka kwenye kifuniko cha nyuma, skrubu mbili kati ya nne zilikuwa zimelegea. Nyonyo niliyokuwa nayo imetengana na methanoli, tabaka linaonekana kabisa. Nimepata nyonyo isiyo na manukato duka la dawa, hiyo haijatengana.

Fundi wa Moshi
Safi sana. Kifuniko cha nyuma paka silikoni ya gasketi inayovumilia joto, safu nyembamba, kaza skrubu kwa kupishana kona kwa kona, acha ikauke usiku. Mafuta 80 kwa 20. Weka plagi ya aina ya joto zaidi, kwa sababu bila nitro sailensa (injini kunguruma taratibu bila kuvuta mafuta) inakuwa ngumu kushika.
Sasa ndipo nakujibu swali lako. Kulia unafunga mafuta, kushoto unafungua. Rudisha sindano zote kwenye kipimo cha kijitabu cha injini, ya juu (ya mwendo kasi) uifungue kushoto zaidi kidogo. Itatoa moshi mwingi na kukimbia kizembe, ndivyo inavyotakiwa. Ipashe tenki zima hivyo. Kisha funga ya juu kulia kidogo kidogo, kiasi cha mshale wa dakika wa saa kutembea dakika tano, ukisubiri mzunguko mzima wa uwanja kila mara. Moshi usikatike kamwe. Sindano ya chini (ya mwendo mdogo) unaipima kwa kubana mpira wa mafuta ikiwa kwenye sailensa: ikipanda resi kidogo na kuzima ndani ya sekunde mbili hadi nne, iko sawa. Ikizima papo hapo, mafuta ni kidogo. Ikiendelea muda mrefu, ni mengi.
Joto la kichwa cha injini liwe kati ya nyuzi 95 na 120. Kile kipimajoto cha bunduki cha wakati wa korona hakifai, kinaishia arobaini na kitu. Tafuta cha fundi umeme.

Otis wa Umoja
Na air filter, tafadhali. Sponji ioshwe, ipakwe oili yake. Vumbi la uwanja likipita hapo hata seti ya Japani haikusaidii. Ukimaliza kucheza, maliza mafuta yote kwa tenki, weka after-run (oili ya kulinda injini ikilala), zungusha.

Kijana wa Tabata
Imewaka. Imetembea tenki mbili, resi inashuka, moshi upo muda wote, joto 108. Plagi bado nzima. Injini ya Kariakoo bado naifikiria, ikifika itakuwa akiba. Shemeji sijampigia.

Fundi wa Moshi
Kwenye 108 iache. Usiguse skrubu yoyote.

Binti Mwambao
Mpigie.

Mpiga Mbizi
Mkuu, lita 20 humalizi mwezi huu. Hiyo methanoli unanigawia lita tano kwa bei gani?

Fundi wa Moshi
Kazi gani, Mpiga Mbizi? Una bagi?

Mpiga Mbizi
Hapana mkuu, kuna kazi tu.

Kijana wa Tabata
Haiuzwi.