Tupeane uzoefu: Mliowahi kukutana na mtu asiyeamini Mungu lakini mwadilifu kuliko wapendwa, ilikuwaje?

Mlutheri wa Mlimani (Moshi)

Wakuu, shimboni.

Sijaja kubishana kama Mungu yupo, hilo tumeshabishana mpaka sauti zimekauka. Nauliza la chini zaidi. Kuna watu hawasali, hawana kadi ya ahadi usharika wowote, na ukiwaachia funguo za duka unalala usingizi. Kuna wapendwa wenzetu ukiwakopesha laki moja wanaanza kukukwepa hata njiani. Sisi Wakristo tunalielezaje hilo bila kudanganyana?

Naanza na la kwetu. Sisi ni watu wa Old Moshi, ambako wamisionari wa Leipzig walifika tangu miaka ya 1890, kwa hiyo katika ukoo kumkuta mtu asiyebatizwa ni kazi. Aliyejitoa ni baba yangu mdogo mmoja. Alikwenda kusoma uhandisi Urusi miaka ya 1970, akarudi na cheti na msimamo kwamba Mungu hayupo. Msiba ukitokea yuko mstari wa mbele, anachimba kaburi, anabeba jeneza. Wimbo ukianza, kimya.

Ukazuka ugomvi wa kihamba, yaani shamba la ukoo, kati yetu na mjane jirani. Mpaka ni masale, ile mimea ya Kichaga ya kuonyesha mipaka, kama mnavyojua. Yaling'olewa usiku yakapandwa upya kwa ndani, upande wa yule mama, na migomba yake ikajikuta iko kwetu. Kesi ikaenda baraza la ardhi. Wazee wawili wa ukoo, mmoja wao mzee wa kanisa, waliinua Biblia wakaapa kwamba masale yale yapo pale tangu enzi za babu. Masale yenyewe hata mizizi yalikuwa hayajashika!

Ikafika zamu ya baba mdogo. Akaulizwa dini. "Sina." Minong'ono ukumbi mzima. Sheria inamruhusu asiye na dini kuthibitisha badala ya kuapa, basi akathibitisha, kisha akaeleza mstari ulikokuwa, nani alishika jembe usiku ule, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameahidiwa kipande ili anyamaze. Tukashindwa. Krismasi ile wanaukoo hawakumpa mkono. Nilimfuata nikamuuliza kwa nini alifanya vile. Akanijibu, "Kwa sababu shamba ni la yule mama." Nikasubiri nadharia za Urusi, hazikuja.

Kumbukumbu la Torati 27:17 inamlaani aondoaye mpaka wa jirani yake. Mzee wa kanisa aliujua mstari huo, asiyeamini ndiye aliyeutii. Na Paulo, Warumi 2, anasema wazi kwamba wapo wasio na sheria ambao hufanya yaliyomo ndani ya sheria, kwa kuwa imeandikwa mioyoni mwao na dhamiri zao zinawashuhudia. Ndiyo maana baba mdogo hajawahi kuniyumbisha kiimani. Anasoma maandishi ambayo mwandishi wake hamkubali, lakini anayasoma vizuri. Aliyeniyumbisha ni yule aliyeinua Biblia.

Karibuni. Msitaje majina ya watu wala sharika.

Mgumu Mstaafu (Majengo)

Mangi, umegusa penyewe. Nimebeba mizigo mlimani Kilimanjaro miaka mingi, Machame, Marangu, njia zote. Getini kuna mizani, mgumu, yaani mbeba mizigo, mwisho kilo 20. Wajanja wanapima mzigo ukiwa mwepesi, mkishaingia msituni mnaongezewa.

Kiongozi wetu mmoja alikuwa mtu wa maombi balaa. Kabla ya safari tunashikana mikono, anaomba mpaka wageni wanapangusa machozi. Sasa subiri mshuke geti la Mweka siku ya tipu. Bahasha inapita kwake kwanza, ikitufikia imekonda.

Safari moja tukampata mzee wa Denmark. Maombi yakianza anavua kofia, anasimama pembeni, haombi. Alituambia mwenyewe haamini. Lakini pale kambi ya Barafu, usiku wa kuamkia kileleni, wenzake wamelala, yeye alipita kwenye hema letu akauliza mmoja mmoja: umekula nini leo, umelala wapi jana, blanketi lako liko wapi. Akaandika kwenye kidaftari. Tulipofika chini kiongozi akanyoosha mkono kupokea bahasha, mzee akakataa. Akatupanga mstari, akagawa mwenyewe mkononi, akitaja kiasi kwa sauti kila mtu asikie. Mpishi alilia.

Kiongozi akatuambia, "Huyu mzungu hana Mungu." Sawa, hana.

Mimi kanisani naenda mpaka leo, sina ugomvi na Mungu. Ila mtu akianza kuomba kwa sauti ya kilio, nashika mfuko.

Kisusio cha Moto

Mhazini wa kikundi chetu alikopa, nikamdai, akaniambia "Bwana atakulipa maradufu". Bwana hajatuma muamala hadi sasa.

Dada wa Sakina (Arusha)

Naomba nipinge kidogo, maana naona tunaelekea kuwatawaza hawa watu.

Nilifanya kazi na bosi asiyeamini, Mtanzania mwenzetu, msomi, mkurugenzi wa shirika la kutetea haki. Mtu huyo alikuwa anaijua kila skendo ya kila mchungaji wa nchi hii. Kwenye semina anaongea utu wa mtu mpaka unasisimka. Nyumbani kwake Njiro kulikuwa na binti wa kazi kutoka Singida, hana mkataba, hana siku ya kupumzika, mshahara unacheleweshwa mpaka binti anakuja kwangu kukopa nauli. Nilipomgusia bosi kwa heshima zote, aliniambia binti yule anakula na kulala bure, ashukuru. Hayo maneno niliwahi kuyasikia kwa mama mmoja wa umoja wa wanawake wa kanisani. Neno kwa neno!

Kwa hiyo unafiki hauna dhehebu. Mwenye dini anajificha nyuma ya Biblia, huyu wangu alijificha nyuma ya haki za binadamu. Na mimi namwona wa pili kuwa mgumu zaidi kukemewa, kwa sababu yule mama wa kanisani ningeweza kumfungulia Yakobo 5, ule mstari wa ujira wa vibarua uliozuiliwa, akaona aibu. Bosi nimfungulie nini? Alikuwa ameandika mwenyewe kila alichokiamini.

Dereva wa Zamani (Kijenge)

Dada, la kukosa pa kumkemea nimelielewa, lakini kuna upande mwingine ambao sisi wa Arusha hatuna haki ya kuusahau.

Mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikuwa hapa hapa mjini, kwenye jengo la mikutano la AICC. Umoja wa Mataifa uliianzisha Novemba 1994 na ikafungwa mwisho wa 2015. Nilikuwa naendesha magari ya kukodi, abiria wangu wengi ni watu wa ile mahakama. Pale mwananchi wa kawaida aliruhusiwa kuingia na kukaa nyuma ya kioo kusikiliza, na nikikosa abiria nilikuwa naingia.

Nilitegemea kuona majambazi. Nikaona watu wa suti, wanajibu kwa adabu, na wengine ni watumishi wa Mungu. Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana, Msabato, alihukumiwa 2003 pamoja na mwanawe aliyekuwa daktari. Waumini wa Mugonero walikimbilia kwenye kanisa na hospitali, na wachungaji wenzake waliokuwa mle ndani walimwandikia barua kumwomba awasaidie. Padri Athanase Seromba wa parokia ya Nyange ndiye aliyenimaliza. Watu waliojificha kanisani kwake, zaidi ya elfu moja, waliangushiwa kanisa lenyewe kwa buldoza. Alipewa miaka 15 mwaka 2006, na rufaa ya 2008 ikapandisha hadi kifungo cha maisha.

Rwanda ilikuwa nchi ya wabatizwa. Waliouawa walikuwa wabatizwa na wauaji wengi walikuwa wabatizwa, Pasaka ya mwaka ule wametoka kuisherehekea pamoja. Mimi ni Mkatoliki, nilibaki Mkatoliki, ila tangu hapo mtu akiniambia "bila Mungu watu wangeuana", namwomba ashushe sauti.

Sina Dini Nina Mama (Arusha, kwetu Kibosho)

Nimesoma yote. Mimi ndiye mnayemzungumzia, kwa hiyo niruhusuni.

Sijaacha kuiba kwa kuogopa polisi, wala sijawahi kukaa chini nikajiuliza "kwa kuwa Mungu hayupo, leo niue nani?" Nina watoto, nina majirani, najua kuumizwa kunavyouma. Na tusisahau Wachaga walikuwa na utaratibu kabla ya mmisionari yeyote. Mtu akikuletea jani la isale, mmea ule ule wa mipaka, kuomba msamaha, ulikuwa humfukuzi. Hakuna aliyekuwa amesoma Mahubiri ya Mlimani.

Sasa la unafiki, niwaulize mimi. Mama yangu ana miaka themanini na kitu. Kila Desemba napanda Kibosho, naingia naye kanisani, nakaa benchi la mbele, nasimama wanaposimama, napiga magoti wanapopiga magoti. Ahadi yake ya mwaka nailipa mimi, na ile ya mnada wa mavuno pia, kuku mmoja kwa bei ya mbuzi. Komunyo sipokei, yeye anadhani ni kwa sababu sijafunga ndoa. Nikimwambia ukweli nitamvunja moyo, nisipomwambia namwigizia. Ninyi wenye majibu, huo ni unafiki au adabu?

Kisusio cha Moto

Mkuu, la ndoa ndilo litakalomuua mama, sio la Mungu.

Mwalimu wa Usa (Usa River)

Kaka wa Kibosho, umeandika kwa staha, nami nitajaribu.

Kwanza isale. Wazee wale walimjua Ruwa, Mungu wa Wachaga, hawakuwa wasioamini. Mfano huo unamsaidia mleta mada kuliko wewe: sheria ilikuwa mioyoni kabla ya Biblia kupanda mlima.

Pili, hakuna Mkristo makini anayesema huwezi kuwa mwema. Swali letu ni lile wema wako unasimama juu ya nini siku ukikugharimu. Nietzsche, mwanafalsafa Mjerumani ambaye hakuwa rafiki wa kanisa hata kidogo, aliwacheka wenzake waliomtupa Mungu wa Wakristo wakabaki wameng'ang'ania maadili ya Kikristo. Aliona kimoja kikiondoka na kingine hakina haki ya kubaki. Mimi simkubali kwa mengi ila pale alikuwa mkweli kuliko wengi wenye msimamo kama wako. Na Enver Hoxha, mtawala wa Albania, alifunga makanisa na misikiti yote mwaka 1967, akaitangaza nchi kuwa haina Mungu, mapadri wakajaa magerezani. Sisemi hivyo kukutisha wala kufuta ya Dereva. Ya Nyange hayafutiki. Nasema ukimwondoa Mungu, yule mwenye buldoza hatoki naye. Anabaki.

Tatu, la mama yako sina jibu la haraka, na anayelo simwamini.

Sina Dini Nina Mama

Mwalimu, asante kwa la tatu.

La pili nakataa. Unaniuliza wema wangu unasimama juu ya nini. Juu ya deni. Nadaiwa na binti wa Singida, nadaiwa na mgumu aliyelala bila blanketi. Wao wakinitazama, deni lipo. Sihitaji mtu wa tatu wa kuligongea mhuri.

Mlutheri wa Mlimani

Nilikuwa safarini Rombo, mtandao wa kubahatisha. Nimefurahi hakuna aliyetukanwa.

Dada wa Sakina, hilo la "nimfungulie nini" nimelibeba, nitalipeleka kwenye kipindi cha vijana. Dereva, wewe umenifanya nirudi kwenye Warumi 2 hiyo hiyo niliyoinukuu kwa mbwembwe, maana nilikomea pale pananifaa. Mbele kidogo, mstari wa 24, Paulo anawageukia washika dini na kuwaambia jina la Mungu linatukanwa kwa ajili yao. Mtume hakuanza na wapagani.

Kaka wa Kibosho, Yesu ana mfano wa wana wawili, Mathayo 21. Mmoja alimwambia baba "siendi" shambani, kisha akaenda. Mwingine akasema "naenda, Bwana", hakwenda. Aliyefanya mapenzi ya baba ni yule wa kwanza, na hata wazee wa dini waliokuwa wanamsikiliza walikiri hivyo. Kwa mama yako nakuona kama mwana wa aina ya tatu, asiyesema chochote na yuko shambani. Mimi sikuiti mnafiki. Mnafiki anaigiza ili apate, wewe kila Desemba unatoa. Ila kama mama ni wa akili timamu kama wangu, usikute anajua kila kitu na amekaa kimya kwa ajili yako.

La deni sikubaliani nawe. Binti wa Singida akikutazama, sawa. Je, asipokutazama? Yule mjane wetu hakuwa na mtu wa kumwambia masale yalihamishwa lini, alikuwa amelala. Deni kwa aliyelala, asiyejua kama ameibiwa, anayeweza kufa bila kujua, analishikilia nani usiku ule?

Sina Dini Nina Mama

Baba yako mdogo alilishikilia. Na wewe ndiye uliyetuambia.

Mwalimu wa Usa

Mmoja, kati ya ukoo mzima. Na sisi tunasema hata huyo mmoja hakujiandikia mwenyewe.

Mgumu Mstaafu

Haya, wa Rombo na Meru hamjasikika. Na aliye na habari za viongozi wa mlima wanaogawa tipu sawasawa azilete pia, wapo, nimebeba chini yao wawili watatu. Mmoja Mpentekoste, mmoja Mwislamu, mmoja hata sikuwahi kujua anasali wapi.