Mjadala: Nyota mmoja hatoshi, timu inahitaji mchezeshaji wa pili

Mwanzilishi, Tudor

Hamjambo wana vikapu wa Mombasa. Naleta hoja, na naomba tubishane kwa mpira, si kwa ushabiki wa timu. Nashikilia hivi: timu ambayo kila kitu kinapitia kwa nyota mmoja itafungwa na yeyote aliyejiandaa vizuri, na dawa yake si mfungaji wa pili wala mrefu wa pili. Ni mchezeshaji wa pili. Namaanisha mtu mwingine anayeweza kupewa mpira, akaupandisha, akaivunja ngome na kumpata mwenzake aliye wazi, nyota akiwa hajaugusa.

Haya nayaona jioni nyingi kwenye viwanja vyetu vya mitaani, na hata Makande kwenye mechi za ligi. Kijana mmoja hodari anapokea mpira chini ya kikapu chake, anaupandisha mwenyewe, anaitisha skrini, yaani mwenzake asimame kumzibia mlinzi njia, anarusha au anagawa. Wenzake wanne wanamtazama. Robo mbili za kwanza watu wanashangilia. Robo ya tatu kocha wa upande wa pili anamwekea watu wawili kila akipokea, na mpira unamtoka. Sasa uko kwa mwenzake, na mwenzake hajui aufanyie nini, kwa sababu tangu mechi ianze hajawahi kuulizwa. Anamrudishia nyota zikiwa zimebaki sekunde 5, nyota anarusha huku amezungukwa, na sisi kwenye viti tunasema leo kijana hakuwa na bahati. Si bahati. Alikuwa peke yake.

Na kwa kanuni za FIBA, shirikisho la dunia, tunazozichezea, mambo ni magumu kuliko yale ya NBA, ligi ya Marekani. Kama kule, una sekunde 8 za kuvuka nusu ya uwanja na 24 za kurusha. Lakini FIBA haina ile kanuni ya NBA inayomzuia mlinzi kukaa eneo la chini ya kikapu zaidi ya sekunde 3 bila kumkaba mtu. Kwetu mrefu wao anaweza kupiga kambi pale mechi nzima. Nyota akipenya anamkuta ameshamsubiri. Kinachomtoa mrefu huyo mahali pake ni mpira kuhamia upande wa pili kwa haraka, na huko upande wa pili lazima awepo mwenye maamuzi.

Kumbukeni mechi ya pili ya fainali za NBA za 2019. Klay Thompson wa Golden State alipoumia, Toronto waliweka wanne walinde eneo na wa tano amfuate nyota wao Stephen Curry kila aendako. Golden State wakakaukiwa. Lakini sekunde za mwisho, Curry akiwa amebanwa, mpira ulimfikia Shaun Livingston, naye akampata Andre Iguodala, shuti la alama tatu likaingia, Golden State wakashinda 109-104. Livingston na Iguodala wote ni watu waliozoea kuchezesha. Mpira ulipowafikia hawakuuogopa.

Mchangiaji, Likoni

Ndugu yangu, umeeleza vizuri lakini hujamaliza hadithi. Ubingwa wa 2019 ulikwenda Toronto, kwa mechi 4-2. Wachezeshaji wako wa pili walikuwepo na kombe likapita.

Halafu mbona humtaji Hakeem Olajuwon, mtoto wa Lagos? Mwaka 1994 aliipa Houston ubingwa akiwa ndiye pekee katika timu ile aliyechaguliwa All-Star, kikosi cha nyota wa ligi, mwaka ule. Waliomzunguka walikuwa walinzi wagumu na warushaji. Wakimwendea wawili, anautoa nje, mtu anapiga tatu. Hesabu imekwisha. Na nyumbani pia: Februari 2021 kule Yaoundé, ni nani aliyetuvusha Kenya dhidi ya Angola 74-73 hadi tukaingia AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, baada ya miaka 28? Tylor Ongwae, king'ora kikilia. Hapo hapakuhitajika kamati.

Mimi timu yangu ikiwa na nafasi moja ya kuongeza mtu, naleta mlinzi mwenye mikono mirefu. Wachezeshaji hawaokotwi ufukoni, na ukimpata mmoja mara nyingi ni mfupi, hakabi. Unajaza shimo mbele, unachimba nyuma.

Mwanzilishi, Tudor

Nashukuru kwa Olajuwon, kwa sababu ni shahidi wangu. Hakeem hakuwa anaupandisha mpira. Kenny Smith ndiye aliyeupandisha, na akitoka anaingia Sam Cassell, kijana wa mwaka wa kwanza wakati ule. Yaani nyota wa Houston alipokea mpira ukiwa umeshafika mahali pazuri, na kazi ya kuamua mapema ilikuwa imefanywa na wengine. Vivyo hivyo Allen Iverson wa Philadelphia mwaka 2001. Watu wanamkumbuka kwa alama 48 alizowafunga Lakers mechi ya kwanza ya fainali, wanamsahau Eric Snow, aliyechukua kazi ya kuchezesha ili Iverson, mfupi vile, akimbie kwenye skrini na kupokea akiwa tayari kufunga. Kocha Larry Brown aliona kwamba kumwachia mfungaji wake na kuchezesha pia ni kumchosha bure. Fainali walifungwa 4-1, nakubali, lakini bila mpango ule sidhani wangeziona.

Kuhusu Ongwae, mimi pia nilipiga kelele usiku ule. Lile lilikuwa shuti moja. Mimi naongelea dakika 40.

Kocha wa timu ya wasichana, Kisauni

Naingia kwa sababu nyote wawili mnamzungumzia mchezeshaji wa pili kama mtu wa kununuliwa. Mfano ulio wazi kuliko yote mmeuruka: Dallas.

Mwaka 2022 nyota wao Luka Dončić alikosa mechi tatu za kwanza za mtoano dhidi ya Utah kwa sababu ya mguu. Jalen Brunson akashika timu, mechi ya pili akafunga 41, na katika zile tatu Dallas wakashinda mbili. Mfululizo wakauchukua 4-2. Kiangazi kile Brunson akaenda New York. Msimu uliofuata Dallas walishinda mechi 38, wakafungwa 44, na mtoano wakauangalia kwenye televisheni. Nyota alikuwa yule yule.

Lakini kaka wa Likoni naye ana haki yake. Februari 2023 Dallas walimleta Kyrie Irving, mchezeshaji wa hali ya juu kabisa, wakamtoa Dorian Finney-Smith, mlinzi wao wa kutegemewa, na bado msimu ukaharibika. Mwaka uliofuata walipoongeza P.J. Washington na Daniel Gafford, watu wa kukaba na kugombea mpira chini ya kikapu, ndipo wakafika fainali za 2024. Kwa hiyo mchezeshaji wa pili peke yake hakutosha, anahitaji wa kumfichia upande wa ulinzi.

Ila sisi hatufanyi biashara ya wachezaji. Tunafundisha. Kwenye mazoezi yangu, mchezaji wangu bora hupangiwa vipindi ambavyo haruhusiwi kuupandisha mpira. Anasimama pembeni, anakata kuelekea kikapuni, anaweka skrini kama wengine. Mwanzoni huwa ananuna. Baadaye anagundua kwamba anapata mpira akiwa wazi kuliko alivyokuwa akiupata kwa nguvu. Na yule mwingine, ambaye hakuna aliyemdhania, anapoteza mpira, anapoteza tena, halafu anaanza kuona. Shida ni makocha wetu wengi wanamtoa mtoto kwa kosa la kwanza. Huwezi kupata mchezeshaji wa pili kwa njia hiyo.

Mchangiaji, Changamwe

Swali fupi kwa kocha. Huyo wa pili lazima awe gadi?

Kocha, Kisauni

Hapana. Msimu wa 2015-16 Draymond Green alimzidi Curry kwa pasi za kufungia, wastani wa 7.4 kwa mechi. Curry akibanwa na wawili kwenye skrini, Draymond anapokea katikati ya uwanja, watu wanne dhidi ya watatu, na anajua ampe nani. Nikiwa na msichana mrefu mwenye macho, namfundisha hilo kabla ya kumfundisha kurusha kutoka mbali.

Mchangiaji, Likoni

Nimekuelewa dadangu, hili la kulea naliunga mkono. Bado nasimama kwenye hesabu yangu kwa timu kubwa: ukiwa na nafasi moja, anza na ulinzi.

Mwanzilishi, Tudor

Basi nikuulize kwa Cleveland, maana pale nyota alikuwa yule yule na mpinzani yule yule, miaka miwili mfululizo. Mwaka 2015 Kyrie Irving, wakati huo akiwa Cleveland, aliumia goti mechi ya kwanza ya fainali. Kevin Love alikuwa nje tayari. LeBron James akabaki na kikosi kilichokaba kwa meno, wagumu kweli, kile kile unachokitaka wewe. Alipata wastani wa alama 35.8 kwa mechi, na walifungwa na Golden State 4-2, kwa sababu kila shambulio lilianzia kwake na kuishia kwake, na mechi za mwisho alikuwa amechoka.

Mwaka 2016 Kyrie alikuwa mzima. Wakawa nyuma 3-1. Mechi ya tano yeye na LeBron walifunga 41 kila mmoja. Mechi ya saba, ikiwa 89 kwa 89 na chini ya dakika moja, hawakumpa LeBron mpira ule. Walimpa Kyrie, akamsimamia Curry, akapiga tatu. Mechi iliisha 93-89.

Wewe ungekuwa kocha wa Cleveland kabla ya fainali za 2015, ukaambiwa Kyrie hayupo na una nafasi ya mtu mmoja tu, bado ungeongeza mlinzi?