Ukoo wa Kyaka: ile video ya Amin

Dogo (Dodoma): Shikamooni wakubwa. Mmeiona video niliyotuma? Kumbe Idi Amin, yule mtawala wa Uganda, alikuwa mzalendo, aliwafukuza Wahindi akawapa Waafrika maduka! Mbona shuleni tunasoma mabaya yake tu?

Baba Mkubwa (Mwanza): Marahaba. Ifute kabla Bibi hajaisikia.

Shangazi (Bukoba): Asiifute. Kijana kauliza, ajibiwe. Mwanangu, mwaka 1972 aliwapa siku 90 waondoke. Maduka yakaenda kwa wanajeshi na watu wao. Waliuza walichokikuta ndani, kilipokwisha hawakujua pa kuagiza kingine. Waganda wakawaita "mafuta mingi", yaani matajiri wa ghafla. Sukari na sabuni zikawa za magendo. Mwananchi wa kawaida alipata nini hapo?

Dogo: Lakini kuna sehemu watu wa Kampala wanamshangilia barabarani.

Baba Mkubwa: Hilo ni kweli, tusilifiche. Januari 25, 1971, Rais Obote yuko Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin akapindua. Wengi walikuwa wamemchoka Obote. Halafu Amin akaurudisha mwili wa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, kutoka Uingereza, ukazikwa nyumbani, Baganda wakamwona mkombozi. Waingereza nao wakamtambua haraka. Mwalimu Nyerere alikataa, akamhifadhi Obote Dar.

Baba Mkubwa: Amin alikuwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, tangu 1946, bingwa wa ngumi, jitu la miraba minne, na mcheshi. Huo ucheshi ndio mnaosambaziana hadi leo, na unaniuma. Ben Kiwanuka, Jaji Mkuu, alikamatwa mahakamani Septemba 1972, hakurudi. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977, serikali ikatangaza ni ajali ya gari. Wapo wanaokadiria waliouawa kufikia 300,000.

Shangazi: Bibi yuko hapa, kasikia yote. Anasema niandike kama anavyosema.

Shangazi: "Mjukuu wangu, sisi tulikuwa ng'ambo ya Mto Kagera. Mwisho wa Oktoba 1978 askari wa Amin wakaja na vifaru. Chungu cha ndizi nilikiacha motoni. Baba Mkubwa wako nilimfunga mgongoni, shangazi yako nikamshika mkono. Tulivuka Kyaka kabla hawajalivunja daraja. Kaka yangu akasema anarudi kufungulia ng'ombe, atatufuata. Sijamwona mpaka leo. Tuliporudi hata mabati hayakuwepo, na milango waling'oa."

Dogo: Pole sana Bibi. Sikujua kabisa. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Baba Mkubwa: Mimi mwenyewe hilo la ng'ombe nalisikia leo.

Binamu (Dar): Shikamoo Bibi. Kwani Amin alivamia ili apate nini?

Baba Mkubwa: Jeshi lake lilikuwa limeanza kumgeuka, vikosi vinaasi. Vita ikamfaa. Akatangaza ardhi yote hadi mtoni ni ya Uganda. Novemba 2 Mwalimu akasema redioni kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunavyo. Vijana wetu wakamrudisha mpakani, wakaendelea: Masaka, Mbarara, kisha Lukaya walikokutana na Walibya waliotumwa na kiongozi wao Gaddafi kumsaidia Amin. Aprili 11, 1979, Kampala ikaanguka. Yeye akakimbilia Libya, halafu Saudia.

Dogo: Alishtakiwa?

Shangazi: Hapana. Alifia hospitalini Jeddah, Agosti 2003. Miaka zaidi ya ishirini aliishi huko, analishwa. Siku ile redio ilipotangaza, Bibi alikuwa anamenya ndizi. Aliweka kisu chini, akatoka nje, hakusema neno hadi jioni.

Binamu: Na wanajeshi wetu waliokufa?

Shangazi: Wengi wamelala Kaboya, Muleba. Kila ukipita unaona misalaba na makaburi yamepangwa mistari. Hatujawahi kuwapeleka watoto, kosa letu.

Dogo: Bibi, nikija likizo ya Desemba utanionyesha zizi lilipokuwa?

Shangazi: Anasema uje. Anasema lete daftari.

Baba Mkubwa: Nauli nitatuma mimi.