Tupeane uzoefu: leseni imebaki kwenye suruali, nawe umeshasimamishwa

Vespa Kuukuu
Leo Ijumaa, na huku Zanzibar Ijumaa ndiyo siku ya balaa hili. Mtu kavua suruali, kavaa kanzu, kachukua ufunguo, kaondoka. Pochi yenye leseni ya udereva imebaki mfuko wa nyuma wa suruali, suruali imetundikwa mlangoni. Trafiki wanalijua hilo. Ukiwaona wamesimama baada ya sala, hawatafuti mwendo kasi, wanatafuta kanzu. Wenye kulijua jambo hili waseme linavyokwenda hasa, tuepukane na sheria za barazani.

Deiwaka wa 505
Umenikumbusha mbali. Haya, sikilizeni.

Ukisimamishwa weka gari pembeni, zima moto, teremsha kioo. Afande ataomba leseni. Watu wengi hujiharibia hapo hapo kwa neno moja tu: "sina". Kutokuwa na leseni na kutokuichukua ni makosa mawili mbalimbali, na la kwanza ni zito zaidi. Anayeandika huandika ulichotamka. Sema: "Leseni ninayo, sikuichukua," kisha taja namba yake, madaraja yake na tarehe inayokwisha. Mwenye kutaja namba bila kubabaika husikilizwa tofauti na anayekuna kichwa.

Hapo njia ni tatu. Huenda ukapewa muda mtu akuletee. Mpigie aliye nyumbani, umwambie iko wapi hasa, "mfuko wa nyuma, suruali ya kijivu", maana ukisema "iko chumbani" atapekua mpaka Magharibi. Au utaambiwa uende kituoni: gari inawekwa uwanjani, maelezo yanaandikwa, unadhaminiwa, kisha mahakama. Ya tatu ni kuonywa na kuachiwa. Hiyo usiiwekee bajeti.

Kinachouma zaidi ya faini ni saa. Ukikamatwa Jumanne asubuhi, Jumatano unaweza kuwa umeshamaliza. Ukikamatwa Ijumaa saa kumi jioni, ofisi zimefungwa na gari inalala mpaka Jumatatu. Kama ni daladala, hesabu ya siku mbili za tajiri, mwenye gari, nani ataitoa? Tajiri hamjui trafiki, anakujua wewe. Na kabla hujaiacha gari, andika kilomita, piga picha tairi ya akiba, jeki na redio, ukimaliza toa waya mmoja wa betri. Uwanja ule unaingiwa na kila mtu.

Sisi deiwaka, madereva wa zamu za kutwa, tuna ugonjwa wetu mwingine. Dereva huichomeka leseni nyuma ya kibao cha jua, zamu inakwisha, yeye anateremka Darajani, gari inaondoka na leseni yake kwenda Bububu. Kesho yake yumo kwenye gari nyengine, hana kitu. Leseni haikai garini. Inakaa mwilini.

Mpemba Halisi
Kweli tupu. Na msimu wa karafuu ndiyo usijaribu, yakhe. Gari ya mzigo husimamishwa kwa ajili ya magendo, na ukaguzi unaanzia kwenye leseni ya dereva kabla haujafika kwenye gunia.

Wakili wa Baraza
Mnatishana bure. Kosa moja 30,000, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, safari inaendelea.

Deiwaka wa 505
Hiyo 30,000 ni ya Bara, sheikh.

Wakili wa Baraza
Polisi si ni hao hao?

Deiwaka wa 505
Polisi ni wa Muungano. Barabara si ya Muungano. Huku tuna Sheria yetu ya Usafiri Barabarani, Namba 7 ya 2003, na leseni tunalipia ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, si TRA ya Bara. Usije ukampeleka mtu Chake, Pemba, akaanza kudai namba ya malipo ya Dar es Salaam.

Wakili wa Baraza
Sare moja, kofia moja, sheria mbili?

Mpemba Halisi
Na bahari katikati. Haya, endeleeni.

Binti Mkwajuni
Picha kwenye simu haitoshi jamani?

Vespa Kuukuu
Inatosha.

Deiwaka wa 505
Haitoshi! Picha inakupa namba na tarehe, basi. Haithibitishi kwamba kadi yenyewe iko mikononi mwako na wala haijazuiliwa. Lakini uwe nayo, pande zote mbili, na mwako wa taa usikae juu ya tarehe. Simu ikizima chaji ndiyo umekwisha, kwa hiyo andika namba na kwenye kikaratasi.

Wakili wa Baraza
Mimi nasema onesha ZanID, kitambulisho cha Mzanzibari, wewe si jambazi.

Vespa Kuukuu
ZanID inasema wewe ni nani. Haisemi kama unajua kurudi nyuma.

Mtu wa Bima
Niingie kidogo kwa upande wa ajali, maana huko ndiko watu wanakoumia. Kuna uvumi kwamba ukigonga huku leseni iko nyumbani, bima haikulipi. Si hivyo. Sharti la bima ni dereva awe na leseni hai ya daraja la gari ile, na asiwe amefungiwa. Halisemi kadi iwe mfukoni. Kinachokwamisha madai ni leseni iliyokwisha muda siku ya ajali hata kama uliihuisha kesho yake, au leseni ya honda, yaani pikipiki, kwa mtu aliyekuwa akiendesha gari. Kivuli cha leseni kitahitajika pamoja na fomu ya madai, taarifa ya polisi ya ajali na ile ya ukaguzi wa gari. Sasa kama pale pale kwenye ajali polisi wameandika "dereva hana leseni" kwa sababu ulijibu kijinga, utakuwa na kazi ya kulifuta neno hilo miezi. Rudi kituoni na kadi yako mapema, uombe iandikwe kuwa umeionesha.

Fundi Charahani
Hayo ya neno moja yamenikumbusha harusi moja ya mfungo mosi. Msafara wa bwana harusi unatoka Mwanakwerekwe, ndoa inafungwa baada ya Alasiri, shamba. Wakasimamishwa. Dereva: kanzu, leseni kaiacha. Wakamgeukia bwana harusi, maana gari ni yake. Naye kanzu, joho, jambia kiunoni, leseni hana. Mpambe akachomoa yake kwa furaha: ya honda! Watu watano ndani ya gari, hakuna hata mmoja wa kuisogeza. Wapiga zafa gari ya nyuma wakadhani wameshafika, wakateremka na madufu wakaanza kupiga pale pale. Trafiki mmoja akawa anatikisa kichwa kwa mdundo, mwenzake anaandika.

Binti Mkwajuni
Ndoa ilifungwa??

Mpemba Halisi
Jambia anayo, leseni hana!

Vespa Kuukuu
Walii alikuwa kwenye gari gani?

Fundi Charahani
Ilifungwa, lakini karibu na Magharibi. Ami yake bwana harusi alikuwa ameshafika msikitini, akarudi na leseni yake akalichukua gari. Dereva akabaki na afande.

Deiwaka wa 505
Na hilo mlishike. Kuletwa dereva mwengine kunaokoa safari, hakukuokoi wewe. Na usimpe gari mpambe wa honda ati ni hatua chache tu. Hapo kosa linaongezeka, na mwenye gari naye anaulizwa kwa nini ametoa ufunguo.

Mkodisha wa Paje
Wageni je? Leseni ya kwao peke yake haitoshi, wanahitaji na kile kibali cha Zanzibar, na vyote viwili watembee navyo. Tatizo wanakwenda kuogelea navyo. Kibali ni karatasi, maji ya chumvi yakiingia tarehe haisomeki, na kibali kisichosomeka ni sawa na hakuna. Kiingize kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga, kiweke chini ya siti ya vespa. Vivuli viwili, kimoja kibaki kwako na namba ya vespa juu yake.

Wakili wa Baraza
Au mpe afande ya chai.

Mtu wa Bima
Kutoa na kupokea yote kosa. Ulikuwa na la trafiki, sasa unalo la ZAECA, wazuia rushwa. Wakili gani wewe?

Binti Mkwajuni
Na lile la kanzu alilolianza Vespa Kuukuu: kwenye kanzu leseni ikae wapi?

Fundi Charahani
Hiyo kazi yangu. Ya bwana harusi mfuko hatuweki makusudi, unavimba kwenye picha. Ya Ijumaa tia mfuko wa ndani, kifua cha kushoto. Kadi ni kiasi cha kadi ya benki, sentimita 8.6 kwa 5.4, basi mfuko uwe 10 kwa 7, kitambaa maradufu, mdomo juu. Wa pembeni usiutumie, ukikaa kwenye gari kadi inateleza mpaka chini ya siti.

Vespa Kuukuu
Zipu au kifungo?

Fundi Charahani
Kifungo. Zipu inashika kutu kwa jasho, halafu ndio unasimamishwa leseni unayo na haitoki.