Sellers wa sinema za elimu: mwalimu au mkoloni?

Mzee wa Kibokoni: William Sellers alikuwa bwana afya Nigeria, akaanza kuonyesha filamu za kupiga vita tauni kule Lagos miaka ya 1920. Mwaka 1939 Waingereza wakaunda kitengo cha filamu za makoloni, akawa ndiye mkuu, gari za sinema zikizunguka vijijini. Msimamo wake: Mwafrika hafuati picha za kukatwakatwa, zinazoruka toka tukio moja hadi jingine. Kamera itulie, kisa kiende polepole, hila za kamera zisiwepo. Vijana wa filamu hapa Mombasa wamsome vipi?

Likoni Damu: Si ndiye yule mzungu wa mkonge, aliyekuwa na studio Usambara?

Mzee wa Kibokoni: La. Huyo ni Notcutt, aliyepiga filamu za elimu Vugiri, huko huko Usambara, 1935 hadi 1937, kwa pesa za Carnegie, shirika la ufadhili la Marekani.

Bi Shughuli: Watu wakifa kwa tauni, yeye akawaonyesha panya wanaoieneza. Dharau iko wapi? Siku hizi hata dawa mwaipima rangi.

Mwana Majengo: Dharau iko hapo kwenye "polepole". Yeye akisema hatufuati, nyanya zetu mjini hapa hawana kazi ila kushinda sinema za Kihindi. Picha zaruka, mara mlimani mara harusini, lugha hawaijui, na wakitoka leso zimelowa machozi. Hao walifuata nini?

Kipaza: Msisahau gari lilikuja na mtu wa kueleza kwa lugha ya wenyeji. Pengine kilichoeleweka ni maneno yake, si kamera ya Sellers.

Bi Shughuli: "Hawana kazi"? Nyanya yangu alfajiri yuko mekoni, unga wa mahamri hadi viwikoni, moshi machoni. Sinema ni alasiri, kwa pesa yake mwenyewe. Futa hilo neno.

Likoni Damu: Mahamri yenyewe yalikuwa na iliki?

Bi Shughuli: Wewe nyamaza.

Pwani Tena: Na nani kasema lugha hawakuijua? Mamangu alikuwa akipatana bei ya leso Biashara Street kwa Kihindi cha filamu.

Mwana Majengo: Wenye maduka kule wengi ni Wagujarati na Wakachi, ami. Mamako alipunguziwa kwa huruma.

Pwani Tena: Mamangu muache!

Mzee wa Kibokoni: Jamani, Sellers.

Mwana Majengo: Haya, nasahihisha: nyanya zetu walikuwa na kazi chungu nzima, na onyesho hawakukosa.

Bi Shughuli: Na "kushinda" je? Toa na hiyo.