Naomba ushauri: ubalozi wa wanafunzi chuoni, nichukue au nipotezee?

Wakuu habari za baridi. Niko mwaka wa pili chuo kimoja hapa Mbeya, wametangaza nafasi za mabalozi wa wanafunzi, unalipwa kwa siku, kazi ni kuzungukia shule za Tukuyu na Kyela kuongea na fomu siksi kabla TCU (tume ya vyuo vikuu) hawajafungua dirisha la udahili, halafu chuo kikifungua unapewa wa mwaka wa kwanza kama kumi hivi uwalee. Hapo kwenye kuwalea ndo napapenda, mimi mwenyewe siku ya kwanza nilishushwa Mafiati na tranka langu sijui pa kwenda. Ila rafiki yangu mwaka jana alitanguliza nauli yake, hela ikaja baada ya miezi mitatu, na sapu (mtihani wa marudio) juu. Bumu lenyewe (hela ya mkopo wa chuo) limeshakata. Nidai mkataba wa maandishi au wataniona mjuaji?